Yupi ni Wako?

Haya yalimpata shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na yeye si mtu wa kutunga. Miaka ishirini na miwili aliendesha kompyuta kuu ya kampuni moja ya bima, mashine kubwa kama makabati ya nguo, zinazokaa chumba chake peke yake na kupulizwa baridi kutwa kucha. Mwaka ule waliajiriwa watu sita wapya kwa mpigo, naye akapewa kazi ya kuwaandalia mafunzo elekezi. Mmoja wa wale sita alikuwa binti yake wa pekee. Aliomba kazi mwenyewe, akafaulu usaili mwenyewe; mama mtu alishtukia tu jina kwenye orodha.

Ijumaa, saa nane mchana, shangazi alikuwa na ratiba yake mkononi. Jumatatu saa tatu, kuwakaribisha wageni ukumbini ghorofani. Saa nne, kuwazungusha chumba cha mashine. Alitaka kujua mzunguko ule ungekula dakika ngapi, akaingia peke yake na kuanza mazoezi, akisema kwa sauti kama vile watu sita wako nyuma yake.

"Hapa tunapokanyaga si sakafu hasa," aliwaambia watu ambao hawapo. "Ni vigae vya chuma vimesimamishwa juu ya miguu. Chini yake kuna nafasi ya kufika gotini, humo hupita nyaya na baridi. Ukiona kigae kimefunguliwa, kaa mbali."

Akaonyesha mashine, akaonyesha printa, akaonyesha kitufe chekundu cha kuzimia umeme. Mwisho akatazama saa. Dakika kumi na saba. Akaridhika.

"Haya, kuna swali?"

"Lipo."

Sauti ilitoka chini ya viatu vyake. Nyembamba. Kama vile mdomo umegusana na kigae kwa chini.

"Yupi ni wako?"

Shangazi hakupiga kelele. Alitoka kinyumenyume, ratiba kifuani, mpaka mgongo ukagonga mlango.

Kwenye ujia alimkuta fundi wa viyoyozi, mzee waliyemwita Barafu, mtu wa mzaha asubuhi hadi jioni. Alipomsimulia, Barafu hakucheka.

"Ulimjibu?" alinong'ona.

"Sikumjibu. Kwani ni nani?"

"Sijui. Mimi aliniuliza mwaka nilioleta wanagenzi wangu. Mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Nikanyamaza. Na wewe nyamaza, dada."

Shangazi alikwenda kwa mkuu wa idara kuomba mzunguko ufutwe. Alitaja usalama, angetaja nini kingine? Mkuu akamcheka. "Mama, utamfundisha mtu kuogelea juu ya blanketi? Ratiba ibaki."

Jumapili alimketisha binti yake. "Kesho, ndani ya chumba cha mashine, usiniite mama. Nami nitafanya kama sikujui."

"Unanionea haya, mama?"

"Nakuomba tu, mwanangu."

Binti akacheka, akamshika magoti kwa masihara. "Shikamoo, bosi."

Jumatatu, saa nne, waliingia. Shangazi alisema haraka haraka, macho yake ukutani, hakumtazama yeyote usoni. Vigae vililia kidogo kila walipokanyaga. Walikuwa watu saba. Waliposimama wote, kigae kimoja kililia peke yake.

Walipomaliza, hakuuliza kama kuna swali. "Twendeni," alisema.

Wakageuka. Binti alirudi nyuma hatua moja kumpisha mwenzake. Nyuma ya kisigino chake palikuwa na shimo. Kigae kimefunguka. Dakika moja iliyopita walikuwa wamepita juu yake wote.

"Mwanangu!" shangazi akapiga ukelele. "Simama hapo!"

Binti akasimama, mguu mmoja hewani.

Viyoyozi vikanyamaza. Chini, mtu akavuta pumzi, taratibu, kama aliyetua mzigo.

"Ahaa," ikasema ile sauti. "Asante."

Shangazi aliwatoa wote mbio, akawapeleka ukumbini. Kisha akashuka tena chumba cha mashine. Barafu alikuwa amekwisha kung'oa vigae kadhaa na kuvigeuza.

"Njoo uone."

Upande wa chini wa kigae, kwenye vumbi, palikuwa na unyayo. Mguu peku. Vidole vitano. Umekanyaga kutoka chini, kama wa mtu anayetembea kichwa chini, miguu juu. Kigae cha pili, unyayo. Cha tatu, unyayo. Kutoka kwenye lile shimo nyayo zilifuata njia aliyopita binti mpaka mlangoni, pale vigae vinapoishia na zege kuanza. Za kurudi hazikuwapo.

"Kwenye zege hapiti," alisema Barafu. Lakini alikuwa anatazama juu.

Dari la ujia lilikuwa jeupe. Juu ya dari hilo ndipo ulipokuwa ukumbi. Nyayo zilianzia ngazini, zikavuka dari moja moja, zikakoma. Pale zilipokoma zilikuwa mbili, pamoja. Kama za mtu anayesubiri.

"Hapo juu amekaa nani?"

Shangazi alijua. Kiti cha tatu, karibu na dirisha.

Juu kikasikika kiti kikiburutwa. Binti alikuwa anainuka. Mbele ya zile mbili, kwenye rangi nyeupe, ukatokea unyayo mwingine. Mbichi.

Shangazi alipanda ngazi mbili mbili, akamkamata binti mkono, wakatoka, mkoba wa binti ukabaki kitini. Binti hakurudi tena kazini. Dari lilipakwa rangi mara tatu. Rangi ikikauka, nyayo huchomoza.

Sasa binti anaishi nyumba ya chini, sakafu yake ni zege lililomwagwa juu ya udongo mtupu. Ni mzima, anakula, anacheka. Ila havui viatu ndani. Ukimuuliza kwa nini, husema sakafu inampa joto, mahali pawili tu, popote anaposimama.