Aliyebaki Apande

Behewa la nne lilirudi likiwa na chuma chake chini.

Ni hivyo tu. Wewe ungesema ah, chuma kimechoka, kimejishukia chenyewe. Lakini chuma kile cha kuwazuia abiria wasidondoke hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa na kutu ya kutosha kujengea daraja, na hakikushuka mpaka mtu akae kitini akivute kwa mikono miwili na kusema maneno mabaya. Na treni ilikuwa imetumwa tupu.

Aliyeituma alikuwa Kapteni. Usimwone vile, hakuwa kapteni wa meli wala wa jeshi, alikuwa dereva wa treni ya watoto katika bustani ya michezo, upande wa nyuma kabisa, ulioitwa Mwezini. Miaka ishirini na sita anaendesha safari ya mita mia mbili. Ukizijumlisha zote, alishafika kwenye mwezi wa kweli akarudi, akaenda tena kuchukua kofia.

Mwezini palikuwa pamechorwa na mtu aliyewachukia binadamu. Njia ya kuingia ilikuwa moja, na hiyohiyo ndiyo ya kutokea, kwa hiyo anayekuja na anayeondoka wanagongana vipaji vya nyuso. Sakafu ilipigwa rangi nyeusi ili ifanane na anga, jua likiwaka unakaanga nyayo. Kivuli hakuna. Choo kiko nyuma ya kilima cha saruji, na alama ya kukielekeza iko humohumo chooni. Lakini kosa kubwa lilikuwa pangoni. Reli iliingia kilimani, ikapinda ghafla katikati, na kwenye ile kona dereva akiwa kibandani haoni kitu. Watoto watundu walikuwa wakishuka hapo wanajificha. Ndiyo maana madereva waliweka desturi yao: kila jioni, kabla ya kufunga, treni tupu inapita polepole pangoni na dereva anaita kwa nguvu, "Aliyebaki apande!"

Miaka yote hiyo, watoto wawili tu ndio waliowahi kupanda.

Sasa Mwezini palifungwa. Pangebomolewa wiki inayofuata, pajengwe upya, pawe na miti na njia mbili. Kapteni alibakishwa awashe treni mara moja kila siku saa kumi alasiri, mota isigande mpaka mnunuzi wa vyuma aje. Alilala kwenye chumba nyuma ya karakana. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuwa amesema atakuja Jumamosi na gari amchukue moja kwa moja, akakae nao, yeye na mjukuu wa miaka mitano. Kapteni alikuwa ameshafunga begi tangu Jumatatu. Alilifungua mara moja tu, kutoa mswaki.

Na kila alasiri, ingawa hapakuwa na abiria hata wa dawa, bado aliita. Mdomo ulishazoea. Na kusema kweli, ndiyo ilikuwa sentensi pekee aliyoitamka kwa sauti siku nzima.

Akainua kile chuma. Akagusa kiti. Kilikuwa na joto, na kimelowa.

"Paka," akasema.

Paka gani anayevuta chuma? Lakini ukikaa peke yako unajijibu mwenyewe unavyotaka.

Siku ya pili mota ilinguruma kama imebeba shule nzima na walimu wao. Treni ikatoka pangoni inajikokota, behewa la nne limelala kwa uzito mpaka linakwaruza reli, na ndani hamna mtu. Ikaja harufu: sukari iliyoungua, na chini yake nywele mbichi, nywele zilizofungwa zikiwa na maji na kuachwa hivyo siku nyingi. Siku ya tatu, anakula chakula cha mchana karakanani, akasikia mtu anavuta pumzi taratibu upande wa pili wa meza, anaivuta, anaishikilia, haitoi. Kapteni akaacha kutafuna. Kisha sauti, ndogo, ya mtu aliyesahau kuongea:

"Umeshiba?"

Alikimbia, nakwambia, umri wake wote akauacha pale mezani.

Kesho yake mhandisi wa ukarabati, binti mmoja mwenye kofia ngumu na ramani kwapani, alimkuta amekaa nje juani.

"Shikamoo, mzee. Mafundi wangu walioanza maandalizi leo wametupa nyundo. Wanasema pangoni kuna mtu anawauliza kama wameshiba."

"Wewe unaamini hayo?"

"Mimi nimesoma." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Kuna mama mmoja anashughulika na mambo haya. Nimemwita. Lakini sijasema mimi, sawa?"

Mganga alifika Jumamosi mchana, kafupi, na miwani na mwavuli, jasho linamtiririka.

"Aliyechora huku alikuwa amelala?" akauliza. "Nimezunguka mara tatu natafuta choo!"

Lakini alipofika mlangoni mwa pango alisimama. Akanusa. Akamvuta Kapteni pembeni.

"Baba, huyu amekaa kwenye ile kona miaka mingi kuliko reli yako. Hana ubaya wa kuchinja watu. Ni mpweke tu, na upweke wake ndio mbaya. Kila jioni anasikia mtu anaita apande. Na kila jioni alikuwa anasema, hapana, anaitwa mtoto wa watu. Sasa watoto hawapo. Uliita nani?"

"Niliita tu."

"Basi amepanda. Na atashuka pale tu utakaposhukia wewe. Unaondoka lini?"

"Leo. Binti yangu yuko njiani. Na mjukuu."

Mganga akavua miwani. "Mtoto mdogo? Usithubutu. Huyu akimzoea mtoto, mtoto hatacheza tena na mwenzake. Atakaa pembeni anacheka na ukuta, mpaka akue. Ingia naye. Ukifika kwenye kona mwambie mara tatu, *Shuka, safari imekwisha*. Usigeuke, na usiseme neno jingine lolote. Neno moja tu likikuponyoka, mimi nafunga mwavuli wangu naenda."

Kapteni akapanda behewa la kwanza, mhandisi akabonyeza kitufe kibandani. Nje ilikuwa saa nane, jua la kupasua kichwa. Ndani giza totoro.

Treni ikaingia. Nyuma yake chuma cha behewa la nne kikashuka, *kang*, na ile harufu ikamjia shingoni, sukari na nywele. Akafika kwenye kona.

"Shuka, safari imekwisha."

Chuma cha nne kikainuka, na cha tatu kikashuka.

"Shuka, safari imekwisha."

Cha tatu kikainuka, cha pili kikashuka, na sasa alikuwa amekaa nyuma yake kabisa, na Kapteni akahisi kitu kilicholowa kinamgusa kisogoni, si mkono na si uso, kinamgusa kwa adabu kama mtu anayeomba kupishwa, na ile pumzi iliyokuwa ikivutwa bila kutolewa tangu karakanani sasa ikaanza kutoka, taratibu, ndefu, baridi, ikipita sikioni mwake bila kuisha, na ndani ya pumzi hiyo mlikuwa na kilio kidogo cha kitu kisichojua kulia, na magurudumu yakagonga reli na giza likagongagonga na yeye akijua limebaki neno moja tu awe huru, akafumba macho, akajaza kifua, akafungua mdomo wake, ule mdomo uliosema kitu kimoja mahali pamoja kila jioni kwa miaka ishirini na sita, nao ukasema wenyewe:

"Aliyebaki apande!"

Pumzi ikakoma. Chuma cha mbele, cha pembeni yake, kikashuka polepole.

Alipotokea juani mganga alishafunga mwavuli. Hakumlaumu. Alimtazama, akatazama pale pembeni yake, akaondoka haraka kwa njia ileile moja.

Gari la binti lilikuwa getini. Mlango wa nyuma wazi, mjukuu ndani anarusha miguu.

"Baba, begi liko wapi?"

Kapteni alisimama mbali, hatua kumi. "Siendi, mama."

"Huendi vipi? Nimeshakutandikia kitanda."

"Ah, hawa watu hawawezi bila mimi! Wamenipa nisimamie ujenzi wote. Matrekta arobaini. Mhandisi mwenyewe ananipigia saluti asubuhi na jioni."

Binti alimjua baba yake. "Kama hututaki, sema tu."

Ile harufu ilikuwa imempita Kapteni, inasogea kuelekea garini. Mjukuu akajivuta kando kwenye kiti, akapigapiga nafasi kwa kiganja.

"Nafasi ipo, babu! Pan…"

"Nyamaza!" Kapteni alinguruma mpaka mbwa wa mtaa mzima wakakaa chini. "Funga mlango huo! Ondokeni! Nimesema ondokeni!"

Hakuwahi kumpandishia sauti mtoto yule maishani mwake. Mtoto akaanza kulia. Binti akafunga mlango, macho yamejaa, akaingia mbele, na gari likaondoka. Kapteni alilitazama mpaka vumbi lake likatulia, na hata lilipotulia aliendelea kutazama.

Ile harufu ikarudi taratibu, ikasimama pembeni yake.

"Wale walikuwa nani?" ikauliza ile sauti ndogo.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mkewe mtu kumuuliza habari za watu wake.

"Yule mkubwa ni binti yangu," akasema. "Alizaliwa siku ya mvua…"

Akaanza kuhadithia, huku wakirudi Mwezini.