Mkono wa Nyamizi

Wagonjwa-umbo wa chuo cha uuguzi cha Mbeya, sanamu za mashine zenye umbo la binadamu, walitoka jasho, walitapika, walivuja damu na hata kukata roho. Mwalimu alibonyeza kitufe, wakafufuka na kumngoja mwanafunzi mwingine. Ukimuuliza mgonjwa-umbo anaumwa wapi, alijibu bila kuficha. Kwa miaka sita wanafunzi walijifunzia kwao, kwa kuwa mkuu wa chuo, Daktari Rwegoshora, alifuta mazoezi ya wodini. Alisema wodi zinapoteza muda, na kwamba umbo mmoja humpa mwanafunzi magonjwa mia kwa wiki.

Sista Tupokigwe, mkunga aliyefundisha kwa miaka thelathini, alipinga kwa siku mbili. Siku ya tatu alichoka kubishana, akatia saini waraka wa kufuta mazoezi hayo.

Nyamizi alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Wiki yake ya pili kazini alipangiwa wodi ya wazazi, na asubuhi hiyo akampokea Subilaga, aliyejifungua mtoto wa tatu salama. Bangili-pima mkononi mwa Subilaga ilionyesha mapigo na presha ya kawaida. Nyamizi alimuuliza anajisikiaje. Shemeji wawili wa Subilaga walikuwa wamesimama kando ya kitanda, wakimtazama mtoto. Subilaga aliona haya.

“Sijambo, dada. Nimechoka tu,” alisema.

Nyamizi akaandika: hajambo. Chini ya shuka, khanga ilikuwa imelowa damu. Mwili wa mwanamke mwenye nguvu huficha upungufu wa damu kwa muda, kisha huanguka ghafla. Bangili ilipolia, ilikuwa imechelewa. Saa sita mchana Subilaga alikuwa amefariki.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika chuoni. Daktari Rwegoshora alieleza kwa sauti tulivu kwamba mfumo haukuwa na kasoro, ila muuguzi alizembea, na akapendekeza afutiwe leseni. Nyamizi aliinamisha kichwa.

Mume wa marehemu, fundi seremala aitwaye Anyosisye, aliomba kuuliza swali moja.

“Tangu ajifungue mpaka anafariki, nani alimgusa mke wangu?”

Karani alifungua kumbukumbu. Vipimo vilikuwa arobaini na kimoja, vyote vya bangili. Alisoma hadi mwisho, akarudia. Hakuna aliyemgusa.

Sista Tupokigwe akasimama.

“Msimtazame huyu binti, nitazameni mimi,” alisema. “Umbo hana shemeji. Umbo haoni haya. Tumewafundisha watoto hawa kwamba mgonjwa husema kweli akiulizwa, na mimi nikatia saini nikijua si kweli. Mkimfutia yeye leseni, anzeni na yangu.”

Daktari Rwegoshora alimwomba apunguze jazba. Sista Tupokigwe akamjibu kwamba amepunguza jazba kwa miaka sita, na matunda yake yamezikwa juzi. Anyosisye alichukua kofia yake akatoka, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Nyamizi alisimamishwa kwa mwaka mmoja. Sista Tupokigwe alikataa kusaini vyeti vya wahitimu sitini na wanne, akafukuzwa chuoni. Hakukata rufaa. Alikwenda kwa muuguzi mkuu wa hospitali, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, akaomba kurudi wodi ya wazazi kama mkunga, na Nyamizi aruhusiwe kuwa chini yake kama mwanafunzi.

Siku ya kwanza hakumfariji. Aliwaomba wageni watoke nje, akavuta pazia, akamwomba radhi mama aliyejifungua asubuhi hiyo na kupata ruhusa yake. Kisha akaushika mkono wa Nyamizi, akauweka chini ya kitovu cha mama huyo.

“Bonyeza taratibu. Unahisi nini?”

“Pagumu, Sista. Kama mpira.”

“Huo ni mji wa mimba, na hivyo ndivyo panavyotakiwa kuwa. Pakiwa laini, damu inatoka, hata akikuambia hajambo. Sasa funua shuka utazame.”

Nyamizi alifunua, akatazama, na machozi yakaanza kumtoka. Sista Tupokigwe akarudisha shuka.

“Futa uso,” alisema. “Kitanda cha pili kinatungoja.”