Kichwa cha Nane

Loise Mghoi alipeleka mbele ya jopo la kupandisha vyeo vichwa saba vya udongo alivyofinyanga. Asubuhi, pale mezani, vilikuwa vinane.

Dishon, mtunza tanuri wa chuo chao pale Voi, alimvuta kando. "Mwalimu, mimi nilichoma saba," alinong'ona. "Hicho hakijapita motoni. Bado kibichi, na kinanuka moshi wa kuni."

Loise hakuhitaji kukigusa. Kovu lile juu ya nyusi alilijua tangu utotoni. Lilikuwa la mama yake, ambaye saa hiyo alikuwa kijijini Wusi, mzima wa afya, akipalilia kabeji.

Miaka minne jopo lilimnyima cheo. Mara kazi zake hazina kurasa za kuhesabiwa kama makala za wenzake, mara hazina mizizi. Haya, mizizi walitaka, mizizi akawapa: alipanda hadi pango la ukoo, Wadawida, yaani Wataita, wa kale walikoweka mafuvu ya wafu wao, akachota udongo chini ya mafuvu hayo, akafinyangia vichwa vyake. Mama alimkataza. "Mwanangu, udongo wa pale hudai kichwa. Kikija, ukiulizwa kama ni chako, ukikane." Msomi akacheka.

Profesa Wanyonyi, mwenyekiti wa jopo, alipita vile saba akipiga miayo. Kwenye cha nane alivua miwani. "Hii ndiyo kazi! Hii pekee inatosha. Lakini haimo kwenye orodha, Daktari. Ni yako?"

Moshi ukamjaa Loise puani, na kutoka mezani akasikia pumzi, pumzi nzito ya mtu apandaye mlima na mzigo, ikikatika, ikianza tena, na ile midomo ya udongo ikacheza polepole, ikimwita kwa jina la utotoni, ikimsihi, naye akakumbuka onyo la mama, lakini akakumbuka pia miaka minne ya kunyimwa.

"Ni yangu," alisema, akatia sahihi.

Pumzi ikakoma. Simu ikaita: kaka yake Elijah, akilia. Mama alikuwa ameanguka shambani, jembe mkononi.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Ila safari hii mauti yalimpita mwenye tamaa. Barua ya cheo ilifika wakiwa bado matangani. Kwa cheo kijacho, iliandikwa, jopo lingependa kuona kazi zaidi za namna ile.

Aliporudi chuoni alimkuta Dishon nje ya karakana, hataki kuingia.

"Mwalimu, kuna kingine mezani. Kidogo."

Loise alichungulia mlangoni. Kilikuwa kibichi, kimesukwa mistari minne, vilevile alivyomsuka bintiye Shanice Jumapili.

"Niambie si chako," Dishon alimsihi.

Loise alikitazama, kisha akaitoa mkobani ile barua ya jopo.