Kudra na Gurudumu la Nyuma

Kudra alikuwa mkunga katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Magoma. Mwaka huo, 1975, watu wengi walikuwa wamehamia kijijini, lakini wengine bado waliishi mashambani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mtoto anayetaka kuzaliwa hasubiri saa mbili. Kwa hiyo mumewe, Isihaka, alikuwa akimpeleka Kudra kwa pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kichekesho. Isihaka aliiunga mwenyewe kutokana na pikipiki mbili mbovu alizozipata Korogwe. Fremu ilikuwa ya moja. Gurudumu la nyuma na vyuma vinavyolishika vilikuwa vya nyingine. Watu walicheka, lakini ilikwenda. Ubaya ni kwamba haikwenda sawa. Ilivuta upande kama ng'ombe mkaidi. Tairi la nyuma lililika upande mmoja tu, na cheni ilikuwa ikichomoka mara kwa mara.

Jumatatu moja cheni ilichomoka njiani. Gurudumu likakwama, Kudra na Isihaka wakaanguka mtaroni. Kudra alichubuka goti, na mkoba wake wa kazi ukatumbukia kwenye tope.

Kesho yake akaja Ndugu Sadala, mwenyekiti wa kijiji.

"Poleni kwa kuanguka," alisema.

"Tumeshapoa, Mwenyekiti."

"Lakini hiki si chombo, mama. Ni chuma chakavu. Jumamosi nitakuja kukitazama. Kikienda upande, ni marufuku kupakia mtu. Utakwenda kwa miguu kama wakunga wa zamani."

"Wakunga wa zamani walizika watoto wengi," Kudra alijibu. "Raheli wa kule mashambani siku zake zimekaribia. Uzazi uliopita alitokwa damu nusura afe. Nikichelewa, atakufa. Kwa Raheli siendi kwa miguu."

"Nimesema Jumamosi."

"Njoo hiyo Jumamosi. Utatukuta."

Mwenyekiti alipoondoka, Isihaka alichukua spana. Alilegeza nati za gurudumu la nyuma, akalisogeza, akakaza.

"Tayari, Mama Mwaija," alimwambia mkewe. "Tazama alama hizi za kiwandani. Kulia mistari mitatu, kushoto mistari mitatu. Gurudumu limenyooka."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo. Tukaanguka."

"Alama ya kiwandani haidanganyi!"

"Basi goti langu ndilo linalodanganya?" Kudra alikasirika kweli. "Wewe unakaa mbele. Mimi ndiye ninayekaa juu ya gurudumu hilo. Namwita Mzee Ernesti."

Mzee Ernesti, jirani yao, alikuwa fundi wa mikanda kwenye korona, kiwanda cha kukamua majani ya mkonge. Alikuja na kitu kimoja tu mkononi, uzi mrefu wa katani.

"Shikamoo, mzee," alisema Kudra.

"Marahaba, mwanangu. Fundi Isihaka, kila chuma hapa kimetoka pikipiki moja?"

"Hapana, mzee. Mbili."

"Basi alama hizo zilichorwa kwa ajili ya fremu nyingine. Hii haziijui. Kule kwetu mkanda ukitoka kwenye gurudumu hatutazami alama. Tunavuta uzi. Zima injini, isimamishe wima, usukani uelekee mbele."

"Mzee, mimi ndiye nitakayeshika uzi," alisema Kudra.

Isihaka alicheka. "Utajipaka grisi."

"Nimeshapakwa damu za watoto wa nusu ya kijiji hiki. Grisi itanifanya nini?"

Mzee Ernesti alimwonyesha. Kudra alipitisha uzi nyuma ya tairi la nyuma, akaleta ncha zake mbele, moja kulia na moja kushoto. Alizivuta mpaka uzi ukakaza na kugusa tairi la nyuma pande zote mbili, nyuma na mbele yake. Kisha akatazama tairi la mbele. Kushoto uzi ulikuwa umeligusa. Kulia vidole viwili viliingia kati ya uzi na tairi.

"Nafasi zinatakiwa kulingana," alieleza Mzee Ernesti. "Hapa gurudumu la nyuma linatazama kulia. Vuta upande wa kushoto urudi nyuma."

Kudra alilegeza nati kubwa. Akazungusha skrubu ya kushoto, ile inayovuta gurudumu nyuma, robo mzunguko, akapima. Robo nyingine, akapima tena. Mwishowe kidole kimoja kiliingia kulia, na kimoja kushoto.

"Tumemaliza!" alisema Isihaka.

"Bado," alisema Mzee Ernesti. "Bonyeza cheni katikati. Icheze kidogo, isikaze sana wala isining'inie. Halafu kaza nati, upime mara nyingine, maana ukikaza gurudumu huweza kusogea. Na vidole vikae mbali na cheni gurudumu linapozunguka."

Kudra alikaza, akapima. Gurudumu lilikuwa limesogea kweli. Alirudia tangu mwanzo bila kunung'unika, mpaka nafasi zikalingana nati ikiwa imekazwa. Isihaka alitazama alama za kiwandani. Kulia mistari mitatu, kushoto minne. Alikuna kichwa. Kisha akaijaribu pikipiki polepole uwanjani, peke yake. Ilikwenda moja kwa moja.

Jumamosi Mwenyekiti Sadala alisimama katikati ya uwanja. Isihaka alipita mbele yake kwa pikipiki, Kudra amepakiwa nyuma. Walikwenda na kurudi mara tatu. Pikipiki haikuvuta upande hata kidogo.

"Nani ameitengeneza?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mimi," alisema Kudra. "Na nitaipanda nikiitwa, usiku na mchana."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa.

Siku nne baadaye Raheli alishikwa na uchungu. Kudra alifika kwa pikipiki mtoto hajatoka. Damu ilipoanza kuwa nyingi alikuwepo, akampeleka hospitali Korogwe kwa lori la mkonge. Raheli alirudi nyumbani na binti yake.

Tangu hapo Kudra alipima gurudumu kila mwezi. Tairi jipya walilofunga lililika sawasawa, na cheni haikuchomoka tena.

Siku moja Mwenyekiti Sadala alikuja akikokota baiskeli yake. Cheni ilikuwa ikitoka, na gurudumu la nyuma lilikuwa likisugua fremu.

"Mama Mwaija, nipimie na mimi basi."

Kudra alileta uzi, akamwekea mkononi.

"Sikupimii, Mwenyekiti. Nakufundisha. Piga magoti."

Ndugu Sadala alitazama huku na huku. Kisha akakunja suruali yake, akapiga magoti.