Pengo la Kiitikio

“Umemuua wewe.”

“Mimi? Dada, angalia unachosema.”

“Wewe na kipindi chako. Baba alikaa kimya na wimbo wake miaka yote. Ukaja kumchokonoa, eti hadithi iliyo nyuma ya wimbo. Hadithi si hiyo hapo chini? Itangaze sasa.”

Hapo chini palikuwa na mwimbaji mwenyewe, Kasuku, amelala kifudifudi katikati ya ngoma na spika kubwa, damu imemgandia sikioni. Waliokuwa wakirushiana maneno juu ya maiti ni binti yake na mtangazaji wa redio. Walikuja kumchukua ukumbi wa mazoezi wampeleke studio, wakamkuta hivyo.

Inspekta alisimama mlangoni akawasikiliza kidogo, kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Halafu akawaambia watoke nje, wakagombane na ukuta.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyejali muziki. Koplo wake ndiye aliyeujua ule wimbo. Na nani asiyeujua? “Nifungulie” hupigwa kila harusi. Mwanamume yuko nje ya mlango wa mpenzi wake, anabembeleza: nifungulie, mwenzio naungua. Nyuma inamjibu sauti nzito: subiri, naja. Watu wanacheza mpaka viatu vinawatoka.

“Mimi ndio ulionipatia mke wangu,” Koplo alisema.

“Mpe pole. Chukua sampuli ya damu kwenye ile stendi.”

Stendi ya maikrofoni ilikuwa imeangushwa, kitako chake cha chuma kina damu na nywele. Daktari wa polisi alisema ni pigo moja, la asubuhi hiyohiyo. Alama za vidole zilikuwepo, tena za kumwaga. Bendi nzima iliishika stendi ile kila wiki. Koplo alizichukua kwa sababu ni kazi, lakini hata yeye aliona anachota maji kwa pakacha.

Inspekta akawa anapita kwenye vyombo, anavigusa kwa nyuma ya mkono, kama mama anayepima homa. Amplifaya za magita zilikuwa baridi. Ya kinanda, baridi. Ya besi ilikuwa na joto.

Nje, binti alikuwa ameishiwa maneno, anafuta kamasi kwa kanga ya begani. Alieleza kuwa baba yake alikuwa mgonjwa wa mapafu na alijua hana siku nyingi. Redio hawakumchokonoa, aliwapigia mwenyewe. Alikuwa anasema kuna mtoto ana haki ya kujua ule wimbo ulitoka wapi kabla yeye hajafukiwa. Binti alidhani mtoto huyo ni yeye.

Mtangazaji akatoa simu. Jana yake Kasuku alimtumia sauti, ameimba peke yake ubeti ambao haujawahi kurekodiwa. Inspekta aliusikiliza mara moja, akaomba urudiwe. Katikati palikuwa na pengo. Mzee anauliza jambo, ananyamaza, halafu anaendelea.

“Hapa kakatika pumzi?”

“Hapana, afande,” binti alisema. “Hapo pa mwitikiaji. Nilimuuliza anaitikia nini, akaniambia pana mwenyewe, atakuja kupajaza.”

Mwitikiaji wa bendi alikuwa mmoja tu tangu mwanzo. Ndiye mpiga besi pia. Walimwita Zege kwa sababu akipanda jukwaani hasogei, anakauka palepale. Binti alimwita baba mdogo. Mke wake alikufa kwa moto zamani, akamlea mwanawe peke yake, na hakuoa tena.

Mchana Zege alifika kituoni, kaletwa na huyo mwanawe kwa gari. Kijana alikuwa fundi makenika, mikono myeusi kwa grisi. Akakaa kwenye benchi la nje. Zege akaingizwa ndani.

“Pole na msiba, mzee wangu. Marehemu ulimwona lini mara ya mwisho?”

“Mazoezi ya wiki iliyopita.”

“Asubuhi ulikuwa wapi?”

“Kitandani. Mgongo huu.”

“Besi je?”

“Ipo kabatini. Nayo mgongo unaiuma.”

Koplo akacheka. Inspekta hakucheka.

“Amplifaya yako nimeikuta ina joto.”

“Vijana wanachezea vyombo. Pale kila mtu anaingia.”

“Kuna ubeti mpya wa ‘Nifungulie’. Umeusikia?”

“Hauna ubeti mpya. Mwanangu, ule wimbo nimeuimba kabla wewe hujaota meno.”

“Hujausikia?”

“Niusikie wapi?”

Inspekta akaweka simu mezani, akaiwasha. Sauti ya Kasuku ikajaa chumbani, imechoka lakini iko kwenye mstari. Aliimba: moshi umejaa, dirisha lina nondo. Mguu wa Zege ukaanza kuhesabu sakafuni. Kasuku akauliza: ufunguo uko wapi?

Pengo.

“Mfukoni,” Zege aliimba.

Aliimba chini, kwa ile sauti yake nzito, na aliingia mahali penyewe hasa. Kasuku akapokea kwenye simu, mwenzio naungua, kana kwamba wako jukwaani wawili. Inspekta akaizima. Kalamu ya Koplo ilikuwa imesimama.

“Hilo neno halimo kwenye simu,” Inspekta alisema. “Binti yake halijui. Redio hawalijui. Nani kakufundisha?”

Zege alishika mdomo wake kama mtu aliyeng’atwa nao.

“Ni mazoea,” alisema. “Akiacha nafasi, naingia. Sijawahi kumwachia pengo.”

“Mmefanya mazoezi lini?”

“Leo.”

Inspekta akamsomea haki zake, akamwambia Koplo aanze kuandika maelezo ya onyo. Zege hakuzunguka tena. Alizungumza akiangalia meza.

Mke wake alikuwa mwimbaji, na alimzidi Kasuku. Watu wakamjaza Zege maneno kwamba wale wawili wana lao. Siku ya kurekodi akamfungia ndani, akatia ufunguo mfukoni. Mtoto alikuwa kwa bibi yake. Kasuku alipokuja kumchukua mwenzake, alimkuta Zege amejiegemeza mlangoni, na mwanamke ndani anasema nifungulie mwenzio naungua.

“Nilidhani anaigiza,” Zege alisema. “Alikuwa hodari wa kuigiza. Nikamjibu, subiri, naja. Nilitaka Kasuku asikie anavyoniomba.”

Jiko la mafuta lilikuwa limepinduka. Moshi ulipotokea chini ya mlango, kitasa kilikuwa cha moto na ufunguo haukuzunguka tena. Watu waliambiwa mwanamke alijifungia mwenyewe. Kasuku alimwona Zege analia kama mtoto mchanga, akaona aufunge mdomo wake. Lakini baada ya matanga akaja na wimbo, wenye maneno yaleyale, akamwambia Zege kazi yake ni kuitikia.

“Ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Yeye hasemi, mimi naitikia. Watu wanacheza, wanarusha maua. Mimi nimesimama pale nasema naja, naja.”

“Leo ikawaje?”

Leo Kasuku alimwita wapige ubeti mmoja tu. Akampa neno, wakalirudia mpaka likakaa. Zege alidhani ni kuaga, mgonjwa anataka kuutua mzigo kati yao wawili. Halafu Kasuku akamwambia watafuatwa muda si mrefu, wanakwenda redioni pamoja, na hadithi yote inasemwa, ili yule kijana aisikie.

“Nilimwomba aliondoe neno moja. Hilo moja. Akasema likitoka, wimbo unarudi kuwa wa mapenzi. Mwanangu anajua mama yake alijifungia mwenyewe. Nimemlea juu ya hilo. Sina mtu mwingine, afande. Nikanyanyua kilichokuwa karibu.”

Akatia saini. Akaomba jambo moja tu, amwambie kijana kwa mdomo wake, asije akayasikia redioni. Inspekta alifikiri, akakubali. Akamtoa mpaka benchini, yeye upande mmoja, Koplo upande wa pili.

Kijana alisimama. Alikuwa amebeba koti la baba yake, aliloliacha garini, maana askari wa zamu alimdokeza kwamba mzee atalala mahabusu, na huko kuna baridi. Zege alimweleza kwa maneno machache, hakujitetea.

“Ufunguo ulikuwa nao?” kijana aliuliza.

“Nilikuwa nao.”

“Muda wote anaokuomba?”

“Muda wote, mwanangu.”

Kijana akalikunja koti vizuri, mikono ndani. Hakumpa baba yake. Alimkabidhi Inspekta, akageuka, akaondoka zake.