Mshika Farasi wa Brigadia

Kilichotangulia kuingia ni harufu ya mkojo wa farasi, na ilichagua jengo ambalo hata nzi huingia kwa kibali. Ukumbi wenyewe wa maonyesho ulikuwa Pearl, kile kisiwa cha kuundwa hapo Doha, sakafu marumaru tupu na kiyoyozi cha kugandisha mate mdomoni. Wairimu, mlinzi wa mlangoni, aliinusa asubuhi ya kwanza baada ya makasha kutoka Australia kufunguliwa, akadhani ni ngozi kuukuu za matandiko. Hadijah, Mganda aliyelinda upande wa ndani, akamvuta pembeni.

“Dada, ngozi kuukuu hainyi,” alimwambia kwa kunong'ona. “Nimefagia mavi nyuma ya wale farasi wa plasta. Yalikuwa bado ya moto.”

Msimamizi wao, Bradley Ndirangu, hakutaka kusikia. Bwana huyu afaa aelezwe mapema, msije mkamhurumia bure. Maishani mwake hakuwahi kupanda hata punda. Aliomba kazi ya jeshi kule Nyeri akakataliwa kwa ajili ya meno, akaja Doha kulinda milango ya watu, na siku alipopewa redio ya mkononi na watu watatu wa kuwaamrisha, akawa hakanyagi chini. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

Maonyesho yale yalihusu brigedi moja ya askari wa farasi wa Australia waliopigana na Waturuki katika majangwa ya Sinai na Palestina, vita vya kwanza vya dunia. Bradley aliyakariri maandishi ya ukutani kama mtoto anayekariri katekisimu, kisha akaamuru aitwe Brigadia. Kila mapumziko ya mchana aliwapanga walinzi wake mstari mmoja na kuwahubiria.

“Brigedi ni rejimenti tatu,” alisema, fimbo kwapani. “Rejimenti ni skwadroni tatu. Skwadroni ina vikundi vinne, na kila kikundi kimegawanywa askari wanne wanne. Farasi ni wa kuwafikisha tu. Wakifika, wanashuka, wanapigana kwa miguu. Watatu wanaenda mbele. Wa nne anabaki nyuma kushika farasi wote wanne. Sasa huyo wa nne, nani anajua jina lake? Hakuna! Huyo ni takataka. Ni kama nyinyi.”

Hakusema, maana halikumgusa, jambo lililoandikwa ukutani hapo hapo: kwamba vita vilipokwisha farasi hawakurudishwa kwao. Wengine waliuzwa, wengine wakapigwa risasi na watu wale wale waliobebwa nao jangwa zima. Wakubwa walirudi na medali zao vifuani.

Katikati ya ukumbi palikuwa na farasi wanne wa plasta, ukubwa wa kweli, na hatamu za ngozi za enzi hizo hizo za vita. Sanamu ya askari aliyetakiwa kuzishika ilifika imevunjika mkono. Wageni wakubwa walikuwa waje Jumatano. Bradley akamtazama Omondi, mlinzi wake wa tatu, mrefu na mkimya, akaona amepata dawa.

Omondi alikuwa na msiba. Mama yake alikuwa amelala mochari huko Siaya, maziko Jumamosi, na yeye ndiye kifungua mimba; pasipo yeye udongo wa kwanza hauna wa kuutupa. Tiketi ya Alhamisi jioni wenzake walikuwa wamemchangia. Kilichobaki ni saini ya msimamizi kwenye karatasi ya ruhusa.

“Nitasaini,” Bradley alimwambia. “Lakini kwanza unisimamie hapo Jumatano, na hiyo kofia ya manyoya. Ukitingishika, mama yako atazikwa na majirani.”

Omondi akavaa kofia.

Walinzi wana desturi yao, na haivunjwi hata na mlevi: huachi lindo mpaka aje wa kukupokea, na anayekuja hutamka kwamba amepokea. Mchana wa Jumanne, alipokuwa akifanya majaribio na kuzitoa hatamu kwenye ngumi ya ile sanamu iliyovunjika, Omondi alitamka kwa mazoea tu, na kwa mzaha wa mtu mwenye huzuni. “Haya soja, umechoka. Zamu yako imekwisha, mimi nimepokea. Enda ukalale.”

Kitu kikashusha pumzi. Wairimu aliisikia kutoka mlangoni: pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo aliobeba miaka. Halafu Omondi akajaribu kufungua mkono, na mkono ukakataa.

“Wairimu,” aliita polepole. “Wairimu, kuja. Usikimbie. Wanashtuka ukikimbia.”

“Akina nani?”

“Hawa. Wananipumulia shingoni. Manze wana kiu.”

Walimvuta vidole kimoja kimoja, wakampaka sabuni, wapi. Hadijah akaleta mkasi akakata hatamu moja, na kile kipande kilichobaki ngumini hakikuanguka bali kilinyooka hewani, kikavutwa, kikalegea, kikavutwa tena, kama kamba ya ng'ombe anayetaka kwenda mtoni, na katika kila mvuto bega la Omondi lilifuata, na viatu vyake vikateleza kidogo juu ya marumaru, na hakukuwa na kitu upande wa pili.

Hadijah aliisukuma mbele ndoo ya kupigia deki, macho amefumba. Maji yalianza kushuka. Yalishuka kwa mafunda, uso wa maji ukijikunja duara duara, mpaka ndoo ikakwaruza sakafu.

Wairimu aliwapigia watu wa maombi anaosali nao Ijumaa kule Mesaimeer, penye makanisa. Waliomba kwenye simu mpaka sauti zikawakauka, na ngumi haikufunguka. Kumwita daktari ama polisi Bradley alikataza kabisa. Alikuja, akamzunguka Omondi aliyesimama wima akitoka jasho kwenye baridi ile, na unajua alisema nini? Alisema, “Safi sana. Hivyo hivyo mpaka kesho.”

Jumatano wageni walikuja na manukato yao, wakapiga picha, wakampigia makofi mlinzi aliyesimama kama askari halisi. Mama mmoja alisifu hata harufu, akauliza imetengenezwaje. Bradley akajibu kwamba ni siri ya kazi, akacheka meno yake yote nje. Omondi midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa anaongea chini chini na farasi, kwa Kijaluo, akiwabembeleza watulie.

Alhamisi asubuhi alikuwa hamtambui tena Wairimu. Hapo Hadijah akasema imetosha, akamleta Maalim Shee, mzee wa Kwale anayeendesha basi la shule na kuwasomea watu Kurani kwa siri akiwa hana abiria. Waliingia saa ya adhuhuri, ukumbi umefungwa kwa mapumziko, jua la utosi likichoma nje hata njiwa wamekimbia.

Maalim alisoma taratibu. Alipokuwa akisoma taa zilififia, na upande wa giza wa ukumbi, kule ambako jana palikuwa na ukuta mweupe na ramani tu, kukaanza kusikika kwato, mbili, kisha nyingi, kisha zisizohesabika, brigedi nzima ikikanyaga mchanga pale ambapo mchanga hapakuwapo, na vumbi likawaingia puani, na nyuma ya bega la Omondi, karibu kabisa, kikatokea kivuli cha mtu mwembamba aliyesimama miguu sambamba na mikono ubavuni, anangoja, hatazami mtu, anangoja tu kama anavyongoja mlinzi ambaye hajaambiwa nenda. Hadijah alijifunika kitambaa usoni. Wairimu alishika mkono wa Omondi na hakuuachia.

Maalim akafunga mdomo, akapangusa jasho.

“Huyu si wa kufukuzwa,” alisema kwa sauti ndogo. “Wafu hawarudi. Huyu ni karini, jini aliyeishi na yule askari tangu kuzaliwa. Askari alifia kazini, farasi mkononi, wenzake watatu hawakurudi. Karini amebaki ameshika. Huyu kijana ametamka amepokea, basi karini amemkabidhi. Lakini karini mwenyewe hawezi kuondoka mpaka mkubwa amwambie kazi imekwisha, na ahsante. Akiondoka, anaondoka na farasi wake.”

“Mkubwa gani, Maalim?” Wairimu aliuliza. “Hao si walikufa zamani?”

“Ndani ya nyumba hii nani anajiita mkubwa wa brigedi?”

Bradley mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kwa kelele, uso umevimba.

“Ni nani ameruhusu mganga kwa lindo langu?”

Wairimu alimwendea. Alipiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote isipokuwa Mungu. “Brigadia, tafadhali. Ndege ni jioni. Sema tu kazi imekwisha, umwambie ahsante. Omondi akazike mama yake.”

“Nimwambie nani ahsante?”

“Huyo hapo.”

Bradley akakitazama kile kivuli, na kwa dakika moja hofu ilimpita usoni, wote waliiona. Mtu mwingine angeisikiliza. Yeye aliona aibu kuonekana ameogopa mbele ya watu anaowadharau, na aibu ya mjinga ni hatari kuliko jini.

“Mimi? Nimshukuru mshika farasi?” alifoka. “Hata medali hawakupewa! Lete hizo kamba, fala wewe. Nimezichukua mimi. Haya, shida iko wapi?”

Akazipokonya.

Zilitoka mkononi mwa Omondi kama uzi kwenye siagi. Omondi akaanguka, Wairimu akamdaka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kijana akaliita jina la Wairimu. Walimwosha uso, wakachukua karatasi ya ruhusa mezani. Bradley aliisaini kwa mkono wa kushoto, bila kubishana, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umekunja ngumi kwenye hatamu na bega lake lilikuwa limeshaanza kuvutwa. Maalim mwenyewe akamkimbiza Omondi uwanja wa ndege kwa basi la shule.

Jumamosi picha iliingia kwenye simu ya Wairimu: Omondi kando ya kaburi, koti kubwa la kuazima, udongo mkononi. Wairimu alilia kidogo, akapangusa macho. Kampuni ilikuwa imempigia pia. Kwa vile Bwana Bradley haondoki sehemu moja na hasikii mtu, Wairimu ashike usimamizi kuanzia leo. Basi mkubwa wa lindo sasa alikuwa yeye.

Alikwenda katikati ya ukumbi na Hadijah. Bradley alikuwa amesimama pale, kofia imemkaa upande, midomo imepasuka, suruali imelowa. Nyuma yake kivuli kiligeuza uso kwa Wairimu na kusubiri.

“Sema, dada,” Hadijah alinong'ona. “Ni maneno mawili tu.”

Wairimu alikuwa amekuja kuyasema. Wallahi alikuwa amekuja kuyasema, hata alishafungua mdomo.

“Wewe mwanamke, harakisha!” Bradley alibweka. “Unangoja nini, takataka?”

Wairimu akafunga mdomo. Akamtazama kwa muda, kama mtu anavyotazama kitu kilichomnata kwenye soli.

“Zima taa, Hadijah,” alisema. “Twende tule.”

Wakaenda. Mlango ulipofungwa sauti ya Bradley ilikuwa bado inatoa amri gizani, kisha ikawa inaomba, kisha kwato zikaja juu yake na haikusikika tena.