Kiwiko cha Mama Donge

Kilichoanza ni kioo cha bafuni. Kilijaa mvuke mpaka Mama Donge hakuuona uso wake, na huku maji yaliyommwagikia mabegani yalikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Sasa wewe niambie, mvuke huo ulitoka wapi? Yeye hakujiuliza. Alikuwa na gauni la mteja la kumalizia na mtoto wa kunyonyesha. Akafuta kioo kwa taulo, akatoka, akamwambia mumewe, "Baba Donge, hita yako haipashi maji."

"Haipashi? Nimeisafisha juzi tu kwa mikono yangu!"

Na hapo ndipo penyewe. Baba Donge alikuwa karani wa ghala, lakini mpe kijitabu cha maelekezo na bisibisi, hutaona mtu mwenye raha kama yeye. Hita yao ilikuwa ya gesi, zile zisizo na tangi. Kisanduku cheupe kwenye ukuta wa nyuma ya jiko. Ukifungua bomba, maji yanapita na moto unajiwasha ndani, ta-ta-ta, maji yanatoka ya moto hapo hapo. Ukifunga bomba, nayo inazima. Maji ya mtaa huo yana chokaa, na chokaa huganda kwenye mirija kama ukoko chini ya sufuria, kwa hiyo kila baada ya muda lazima itolewe. Basi juzi hiyo Baba Donge alizima umeme, akafunga koki zote mbili, akachomeka mipira, akaweka pampu ndogo kwenye ndoo ya siki, siki ikazunguka humo ndani mpaka ikarudi na vipande vyeupe. Mpaka hapo hakukosea kitu. Kisha akaiwasha, akapandisha namba mpaka mwisho kabisa ili kuijaribu, na maji yale ya kuchemka, yenye siki ndani yake, akayaachia yateremke kwenye tundu la maji machafu lililo chini ya hita.

Mama yake mzazi, ambaye kila mtu pale nyumbani alimwita Bibi, alikuwa ameketi mlangoni amempakata mjukuu. "Wewe! Usimwage maji ya moto humo kimyakimya. Sema kwanza, watu wapishe."

"Watu gani, Mama? Panya?"

"Mimi nakwambia, sema."

Maji yalikuwa yameshakwisha kuteremka ndipo akainama juu ya tundu, akaita kwa sauti ya kondakta, "Haya, panya wote wapishe, karani anamwaga!" Akacheka peke yake.

Tunduni kikatoka kilio chembamba, cha kukatikakatika, kama cha mtoto aliyeshtuliwa usingizini. Baba Donge akageuka kumtazama mwanawe. Donge, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa wa mviringo kama donge la uzi, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Halafu ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Baba Donge akasema ni siki, akakunja mipira yake. Bibi alimfunika mtoto masikio kwa kanga, akaingia ndani.

Basi ndiyo maji yakawa vuguvugu. Baba Donge alifungua chujio la maji yanapoingilia, akalikuta safi. Akatazama gesi, ipo. Akatazama moto kupitia kidirisha kidogo, ukawa wa buluu, mzuri, haukosi kitu. Akapandisha namba kidogo, siku ya pili kidogo tena. Kioo cha bafuni kikawa hakikauki, rangi ya dari ikaanza kuvimba na kuchubuka, nao wanaoga tu na kulalamika kwamba ni baridi. Mikono yao ikawa myekundu na kubanduka ngozi. Wakalaumu sabuni mpya.

Harufu ya nywele haikuondoka. Na hita ikaanza kujiwasha. Mchana mtulivu, Mama Donge yuko kwenye cherehani, mabomba yote yamefungwa, mara ta-ta-ta, halafu kimya, halafu chini kabisa kwenye mabomba kitu kama mama anayebembeleza, mmm, mmm, mmm. Siku moja alikuwa anapiga pasi kola ya shati, akasikia mlio huo, akabaki anausikiliza, na alipokuja kutazama, pasi ilikuwa imesimama juu ya vidole vyake vya kushoto. Aliinyanyua. Vidole vilikuwa na malengelenge. Hakupiga kelele, kwa sababu hakukuwa na la kumpigisha kelele. Akavifunga kwa kitambaa chakavu, akaendelea na kola.

Hilo lingemtisha mtu yeyote. Yeye hakutishika, na hapo ndipo pabaya zaidi. Ganzi ilikuwa imeingia ndani kuliko ngozi. Mteja alimtukana kwa gauni lililochelewa, akamtazama tu. Yeye na mumewe waliacha hata kugombana, nyumba iliyokuwa na kelele za masihara kutwa nzima ikawa na watu wawili wanaopishana kwenye korido kama wapangaji wasiojuana.

Aliyesalimika ni Bibi, kwa sababu Bibi hakuiamini hita tangu ilipofungwa. Alioga maji baridi, na Donge alimwogesha yeye mwenyewe kwa maji ya sufuria. Lakini binti yake akajifungua, akaitwa kwenda kumsaidia. Mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango, alimshika mkwewe mkono, akautazama ule ubandukaji wa ngozi.

"Mwanangu, hii siyo sabuni."

"Itapoa, Mama."

"Mtoto umwogeshe kwa maji ya sufuria. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

Alisikia, ndiyo. Lakini asubuhi iliyofuata mtungi wa jiko uliishiwa gesi, na wa hita, ulio peke yake nje, ulikuwa na gesi tele. Mama Donge akaona ubishi wa nini, maji si ndiyo haya, vuguvugu yenyewe ya kumfaa mtoto. Akajaza beseni bafuni. Akamvua Donge nguo, akamlaza juu ya taulo. Akatumbukiza kiwiko kama mama yeyote anavyofanya. Sawa kabisa. Akamnyanyua mwanawe.

Ikasikika hodi. Ilikuwa Fundi Spana, ambaye Baba Donge alimwita baada ya kukubali kwa shingo upande kwamba hita imemshinda. Mtu wa maneno mengi, mikono imejaa grisi. "Shemeji, samahani, nimetoka kwenye pampu ya mtu, ninawe kwanza nisikuchafulie nyumba," akasema, akapita moja kwa moja mpaka bafuni, akaona beseni, akatumbukiza mkono.

Yowe alilopiga lilimwamsha mlinzi wa nyumba ya pili. Aliurudisha mkono kifuani akarukaruka, akagonga kioo, na alipoweza kusema alisema kwa sauti ndogo. "Shemeji. Haya maji ni ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto gani?"

Mama Donge alikuwa amesimama na Donge mikononi, miguu ya mtoto inaning'inia juu ya beseni, anachekelea ule mvuke na kuupiga mateke. Fundi akamnyang'anya mtoto bila kuomba ruhusa. Kisha akachukua kipimajoto chake, akakitia kwenye beseni, akamwonyesha, na Mama Donge akaisoma namba, akaielewa, akajua ni nini alichokuwa karibu kukifanya kwa mikono yake mwenyewe. Alitaka kulia. Alikaa akisubiri machozi kama mtu anayesubiri wageni, hayakuja.

Baba Donge alipofika, Fundi Spana alikuwa ameshaifungua hita na kuifunga. "Hita ni nzima," akasema. "Wabovu ni nyinyi." Ilikuwa mzaha, ila hakuna aliyecheka, hata yeye. Akawagusisha kijiko kilichotoka kwenye kikombe cha chai yake, wakasema hawasikii. Akawagusisha barafu, wakasema hivyo hivyo.

Akafunga gesi. Akafunga maji kwenye mita. Akachomoa umeme, akaushika waya mkononi wote wauone. Na hita, isiyo na gesi wala maji wala umeme, ikasema ta-ta-ta, ikawaka, buluu kwenye kidirisha, na kutoka kwenye tundu lililo chini yake ikapanda harufu ile ya nywele, nzito safari hii, na ile sauti ya kubembeleza, mmm, mmm, ikipanda kwenye mirija ya ukutani, ikapita nyuma ya vigae, ikapita nyuma ya kioo, mpaka ikafika pale alipolala mtoto, ikanyamaza, na Donge akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina.

"Kuna mama mmoja namjua," Fundi Spana akanong'ona, anakusanya spana zake bila kuzihesabu. "Mimi kazi yangu imeishia hapa."

Mganga alikuja alasiri ile ile. Mama mfupi, sauti imekwaruza, kavaa viatu vya michezo. Hakuuliza mengi. Aliomba kigoda, akakaa karibu na tundu la maji machafu, akabisha hodi kwenye sakafu kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu mwenye adabu mlangoni pa mwenzake. Akainamisha sikio. Alikaa hivyo mpaka miguu ya waliosimama ikachoka.

"Ni mama," akasema. "Mwanawe aliungua."

Baba Donge akameza mate. "Amekufa?"

"Ananiambia usiulize."

Sauti ya mganga ikabadilika, mkwaruzo ukatoka, ikawa laini na yenye maji ndani yake, na midomo yake ilikuwa haichezi sawasawa na maneno. "Nilimkuta ngozi imebaki kwenye bomba. Nikasema, sitamgusa mtoto wao. Nitachukua tu kile kinachowaambia moto ni moto. Nilitaka wa kwao aunguzwe na mikono inayompenda, tena mama yake awe anamwimbia."

Mama Donge alimkumbatia mwanawe. Hofu ilikuwa pale, aliijua ipo, aliisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

"Tusamehe," mganga akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Warudishie. Hawakujua."

"Aliambiwa," ile sauti laini ikajibu. "Mmoja abaki na ganzi hiyo. Wakubaliane wenyewe."

Sote tunajua nani alipaswa kujibu. Baba Donge alitazama viatu vyake. Alikuwa anaogopa, na sisemi kwamba mimi au wewe tungekuwa mashujaa kuliko yeye, lakini alitazama viatu vyake, na muda ukapita, na tundu likasubiri.

"Mimi," Mama Donge akasema, kama mtu anayekubali kusogea kwenye benchi.

"Nimekubali," ile sauti ikasema. Haikusema imekubali nini.

Harufu ikaondoka pale pale. Baba Donge akarudisha gesi, maji na umeme, akafungua bomba, akatia vidole, akavitoa upesi. "Yanaunguza! Imerudi! Mke wangu, imerudi!" Akamkumbatia mganga, akamkumbatia mkewe, akalia kwa kwikwi. Kesho yake hita ikang'olewa, tundu likazibwa kwa saruji, na ukutani pakabaki mraba mweupe.

Maisha yakaendelea, namna yake, Bibi bado akiwa kwa binti yake. Mama Donge alijifunza kuishi kwa macho. Pasi aliijua kwa rangi ya kitambaa, chungu kwa mapovu. Ila mwanawe hakuwa na rangi wala mapovu. Alimlaza kifuani usiku, anausikia uzito, anazisikia pumzi, joto halisikii, na kila mara ilimbidi aulize. "Baba Donge, hebu mguse. Ana joto?" Naye mumewe ananyoosha mkono. "Ana joto, mke wangu. Lala." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa blanketi lake.

Kuogesha ikawa kazi ya baba. Anachemsha maji, anachanganya, anatia kiwiko, anasema sawa, mama anamwingiza mtoto. Asubuhi moja alitia kiwiko, akakiacha humo, akatabasamu. "Vuguvugu. Mlete."

Mama Donge akamnyanyua Donge, akamshusha kuelekea beseni, vidole vya miguu vikiwa karibu na maji. Akainua macho bila sababu.

Kioo kilikuwa kimejaa mvuke. Chote, mpaka pembeni, matone yanateremka.

"Baba Donge," akasema polepole, "tia mkono tena."

"Nimetia."

"Utazame."

Aliutoa. Ulikuwa mwekundu mpaka juu ya kiwiko, ngozi imeanza kuvimba. Aliutazama, kisha akakwepa macho ya mkewe.

"Haikurudi," akasema. "Siku ile. Niliona aibu, mke wangu. Wewe umeshasema 'mimi', halafu na mimi niseme sijapona?"

"Na hayo yote ya usiku? Ana joto, ana joto?"

Ukutani nyuma ya jiko, kwenye ule mraba mweupe usio na kitu, ikasikika ta-ta-ta.

Mama Donge hakugomba. Alimfunga mwanawe kwenye kanga, akatoka bila viatu, akavuka uwanja, akagonga mlango wa jirani. Jirani akafungua na mwiko mkononi.

"Dada, samahani. Nigusie mtoto. Uniambie kama ana joto."

Jirani alidhani masihara, kisha akamwona uso. Akaweka kiganja shavuni mwa Donge. "Ana joto, jamani. Joto zuri tu la mtoto. Kwani vipi?"

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Mguse tena," Mama Donge akasema, na akabaki amesimama pale mlangoni, anautazama ule mkono wa mwenzake juu ya mwanawe.